Kampuni Iliyomtunza Akhwari na Kaitaba Isiyo na Mtunzaji

Mwanamichezo wa Tanzania anayetajwa zaidi duniani katika habari za Olimpiki alimaliza mbio akiwa wa mwisho. John Stephen Akhwari, mkimbiaji kutoka Mbulu, alianguka njiani katika marathoni ya Mexico City tarehe 20 Oktoba 1968, akaumia goti na bega, akafungwa bendeji na kuendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alikuwa amekwisha kushinda kwa saa 2:20:26. Akhwari aliingia uwanjani giza limeshatanda, kwa saa 3:25:27, akiwa wa 57 kati ya 57 waliofika, na watu wengi walikwisha kuondoka majukwaani. Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walileta medali za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, medali pekee ambazo nchi hii imewahi kupata katika Olimpiki, lakini ughaibuni jina la Akhwari ndilo linalotangulia kutajwa. Sababu haimo katika mbio zenyewe. Mwaka 1968 Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni, na ilikaa hivyo hadi 1994. Umaarufu wa Akhwari ulijengwa na kampuni ndogo ya filamu ya New York iitwayo Cappy Productions, iliyoichukua picha yake, ikaisimulia na kuirudia mpaka ikawa mali ya dunia. Ninaandika historia ya kampuni hiyo kwa ajili ya wasomaji wa Bukoba na Muleba kwa sababu inathibitisha jambo ambalo mkoa wa Kagera umelipuuza kwa muda mrefu: ushindi hauhifadhi mchezo, wala matangazo ya moja kwa moja hayauhifadhi. Mchezo huhifadhiwa na mtu anayemiliki picha na kurudi kumuuliza aliyekuwepo.

Mwanzilishi wake, Bud Greenspan, alizaliwa New York mwaka 1926 na akaanza kazi kama mtangazaji wa michezo redioni. Filamu yake ya kwanza ilimhusu mtu mmoja tu, John Davis, Mmarekani mweusi mnyanyua vyuma aliyeshinda dhahabu London mwaka 1948 na tena Helsinki mwaka 1952. Greenspan alimfuata Helsinki akatengeneza filamu fupi, na mnunuzi wake akawa serikali ya Marekani, iliyotaka kuionyesha ng'ambo katika ushindani wake wa propaganda na Wasovieti. Mwaka 1964 alimrudisha Jesse Owens Berlin, katika uwanja uleule aliposhinda medali 4 za dhahabu mwaka 1936 mbele ya Hitler, akamrekodi akisimulia akiwa palepale. Mwaka 1967 ndipo kampuni ilipoundwa, ikabeba jina la utani la mkewe, Constance Anne Petrash, ambaye alikuwa mshirika wake wa kazi hadi alipofariki mwaka 1983. Kisha ukaja mfululizo wa vipindi 22 ulioitwa The Olympiad, uliomalizika katikati ya miaka ya 1970 na kuonyeshwa katika nchi zaidi ya 80. Kuanzia Los Angeles 1984 hadi Vancouver 2010 kampuni ilitengeneza filamu rasmi za michezo mingi ya Olimpiki. Greenspan alifariki tarehe 25 Desemba 2010.

Kilichoitofautisha kampuni hiyo na wapiga picha wengine ni desturi ya kurudi. Picha za Akhwari akimaliza mbio angeweza kuzitumia yeyote mwenye haki za mkanda. Greenspan alimpa mkimbiaji nafasi ya kueleza kwa nini hakuacha mbio. Jibu la Akhwari linajulikana: nchi yake haikumtuma safari ndefu namna ile ili aanze mbio, ilimtuma amalize. Bila jibu hilo, picha ingebaki ya mtu anayechechemea. Kwa jibu hilo ikawa hadithi ya taifa changa na ya wajibu, na Greenspan mwenyewe aliihesabu miongoni mwa hadithi alizozipenda kupita zote. Tunda la kazi hiyo lilimfikia Akhwari angali hai. Alialikwa Sydney mwaka 2000, na Mwenge wa Olimpiki ulipopita Dar es Salaam tarehe 13 Aprili 2008, kituo chake pekee barani Afrika mwaka ule, alikuwa miongoni mwa walioubeba.

Kwetu mambo yalikwenda vingine, ingawa vyombo vilikuwepo. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, mwaka mmoja tu baada ya Cappy Productions, na mwaka 1974 ikaja taasisi ya serikali ya kutengeneza filamu na picha za elimu. Kazi zao zililenga kilimo, afya, elimu ya watu wazima na siasa ya ujamaa. Siwalaumu kwa hilo. Mkanda ulikuwa ghali, ulipelekwa kusafishwa nje ya nchi kwa fedha za kigeni, na serikali iliyokuwa ikihangaika kuwafundisha wananchi kusoma ilikuwa na haki ya kuchagua. Hata hivyo uchaguzi huo ulikuwa na bei yake, na Kagera tumeilipa. Mkoa ulioitwa Ziwa Magharibi hadi 1979 ulitoka katika vita na Uganda daraja la Kyaka likiwa limelipuliwa na mashamba ya mpakani yakiwa yameharibiwa. Katika muongo uliofuata, RTC Kagera, timu ya kampuni ya biashara ya mkoa, ilicheza na vigogo wa nchi. Kisha mashirika ya umma yakaporomoka, na timu zilizoyategemea zikafuata. Mashabiki wa Bukoba wenye umri wa kutosha hutaja majina ya wachezaji wa wakati ule bila kufikiri, lakini kijana wa Kamachumu au Nshamba akiuliza aonyeshwe timu hiyo ikicheza, hakuna mahali mkoani pa kumpeleka. Habari ya kiwanda cha sukari kilichopata madhara ya vita, na ya mji ulioinuka tena na kujaza majukwaa ya Kaitaba, uwanja wa mpira wa Bukoba, imo vichwani mwa watu ambao sasa wamevuka miaka 60.

Wapo watakaosema kwamba zama hizo zimepita kwa sababu sasa kuna televisheni. Hoja hii ina uzito, na anayeipuuza hautendei haki mpira wa Tanzania. Tangu msimu wa 2013/14 Azam TV imeonyesha Ligi Kuu kwa wingi usiokuwepo kabla, na mkataba wa miaka 10 uliotiwa saini mwaka 2021, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, uliingiza fedha ambazo klabu za mikoani hazikuwahi kuziota. Kaitaba yenye nyasi bandia ilionekana Zanzibar na Mtwara. Lakini tuangalie mchezo mmoja. Tarehe 19 Mei 2018 Simba ilikuwa haijafungwa ligi nzima, ubingwa ulikuwa mkononi, na Rais John Magufuli alikuwa Uwanja wa Taifa kukabidhi kombe. Kagera Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, chini ya kocha Mecky Maxime, ikashinda 1-0 kwa bao la Edward Christopher la dakika za mwisho, na Juma Kaseja, kipa aliyewahi kuwa mhimili wa Simba yenyewe, akaokoa penalti ya Emmanuel Okwi. Matangazo yalionyesha yote hayo, na siku mbili baadaye yakahamia mchezo mwingine, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Lakini Kaseja aliwaza nini alipomwona Okwi anaweka mpira? Katika vibanda vya kuonyeshea mpira vya Muleba mjini, watu walishangilia mkoa wao au walinung'unika kwa mapenzi ya Simba? Greenspan angeanzia hapo, mwaka mmoja au miaka 10 baadaye. Tena matangazo hufuata daraja la timu. Kagera Sugar iliposhuka Ligi Kuu mwaka 2025, kamera za ligi hiyo hazikuwa tena na sababu ya kupanga safari za kwenda Bukoba.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linamhusu Greenspan mwenyewe. Wachambuzi walimshutumu kwamba anaipamba Olimpiki, na ushahidi wao ulikuwa wa kweli. Siku 10 kabla ya ufunguzi wa michezo ya Mexico, tarehe 2 Oktoba 1968, wanajeshi waliwapiga risasi wanafunzi waliokuwa wakiandamana katika uwanja wa Tlatelolco. Siku 4 kabla ya marathoni, Tommie Smith na John Carlos waliinua ngumi zilizovikwa glavu nyeusi wakiwa jukwaani, wakafukuzwa katika timu yao. Anayemjua Akhwari peke yake anaijua Mexico nusu. Greenspan alijibu kwamba wengine wote walishughulika na ubaya kidogo uliopo, naye aliamua kushughulika na wema mwingi. Jibu hilo halinitoshi. Filamu ya Kagera inayoiga upole wake wote ingeonyesha mabao na kuacha mishahara iliyochelewa, usafiri wa basi mchana na usiku kwenda Dar es Salaam, na wasichana wa shule waliocheza netiboli kwa ustadi kisha wakakosa klabu ya kuwapokea. Kilichofaa kuigwa kwake ni subira na kumpa mshiriki sauti. Ukali wa kuuliza tunapaswa kuuongeza wenyewe.

Mwingine atasema mkoa wenye mnyauko wa migomba, bei ya kahawa isiyotabirika na uvuvi unaopungua hauna ruhusa ya kutumia fedha kwa filamu za mpira. Kuhusu gharama, hesabu imebadilika. Vizuizi vya miaka ya 1970 vilikuwa mkanda na maabara, na vyote viwili vimeondoka. Vijana wa Bukoba wanaorekodi harusi na send-off wana kamera, taa, hata ndege ndogo za kupigia picha, na wanajua kuhariri. Kinachokosekana ni mtu wa kuwapa kazi ya wiki 3 juu ya habari moja. Kuhusu thamani, anayeuona mchezo kama burudani tu hajaitazama Kaitaba vizuri. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, wafu waliagwa katika uwanja huo. Ndege ya Precision Air ilipoanguka katika Ziwa Victoria tarehe 6 Novemba 2022 na watu 19 wakafa, majeneza yalipangwa hapo, na Waziri Mkuu akaongoza maombolezo. Mji hauna mahali pengine panapoutosha wote kwa pamoja. Atakayesimulia uwanja huu kuanzia miguu ya wachezaji wa RTC hadi majeneza ya ajali ya ndege atakuwa ameandika historia ya Bukoba ambayo hakuna ofisi iliyoiandika, na nadhani itasomwa na kutazamwa kuliko ripoti yoyote ya maendeleo ya mkoa.

Wala jadi ya kazi hii si ngeni kwa Wahaya wa Kagera. Waimbaji wa enanga, akina Habibu Selemani, waliwasimulia mashujaa kwa saa nyingi kwa nyuzi na sauti. Tendi kama za Rukiza na Kachwenyanja zilidumu kwa sababu kulikuwa na fundi ambaye riziki na heshima yake vilitokana na kuzikumbuka. Tendi hizo zinaweza kusomwa leo kwa sababu watafiti, Profesa Mugyabuso Mulokozi akiwa mbele, waliwafuata waimbaji na kuwarekodi wakiwa hai. Hapo historia ya enanga na historia ya Cappy Productions zinakutana: kila upande kulikuwa na fundi wa kusimulia na mtu wa kutunza. Mpira wa Kagera umekuwa na wasimuliaji hodari vijiweni na redioni, lakini mtunzaji haujapata.

Suala la umiliki halipaswi kuachwa nyuma, maana ndilo lililoifanya kampuni ya Greenspan idumu na ndilo litakalotuumiza. Haki za picha za Olimpiki ziko leo kwa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki huko Lausanne. Mtanzania anayetaka kumweka Akhwari katika filamu yake lazima abishe hodi Ulaya, kwa picha ya mtu wa Mbulu. Klabu na vyama vya michezo vya wilaya vinapowaruhusu watu kupiga picha Kaitaba au katika viwanja vya shule za Muleba, masharti yanaweza kuandikwa mapema: nakala moja ibaki mkoani, na mchezaji asitozwe kuitazama sura yake. Nakala hizo zikipewa chumba chenye umeme wa uhakika na mtu mmoja wa kuziorodhesha, zinaweza kukaa karibu na zana za jadi zilizopo Makumbusho ya Kagera pale Nyamukazi. Kazi ya kwanza ingekuwa mahojiano na waliocheza miaka ya 1980, waamuzi wao, wauguzi wao na madereva wao. Ya pili ingekuwa mashindano ya mitumbwi ziwani, ambayo wapiga makasia wa visiwani Muleba, kama wa Bumbire, wanayajua kwa mwili kuliko mwandishi yeyote. Hiyo ya kwanza haiwezi kusubiri ya pili, kwa sababu ya umri wa wahojiwa.