Kisukari: majani machungu ya Matonge

Katika mtaa wa Matonge, kwenye manispaa ya Ixelles mjini Brussels, maduka ya Kiafrika huuza sombe, mihogo na ndizi za kupika. Humo pia hupatikana majani makavu, mbegu na unga wa mizizi ambavyo baadhi ya wanunuzi hawavikusudii kwa mboga. Wanavitafuta ili kupunguza sukari iliyozidi katika damu.

Mtaa huo ulipewa jina la Matonge ya Kinshasa, na umewakutanisha Wakongo tangu miaka ya 1960. Wengi wa waliofika wakiwa vijana sasa ni wazee, na kisukari cha aina ya pili kimezeeka pamoja nao. Katika ugonjwa huo kongosho huendelea kutoa insulini, lakini mwili hauitikii ipasavyo, na kadiri miaka inavyopita kongosho nalo huchoka.

Dawa zinazotajwa zaidi ni chungu: karela, mbegu za uwatu, na jani liitwalo mtukutu kwa Kiswahili, umubirizi kwa Kinyarwanda na Kirundi, na mululuza kwa Kiganda. Imani iliyoenea ni kwamba uchungu huua utamu. Mantiki hiyo ni ya ulimi, si ya kongosho.

Hata hivyo, ingekuwa kosa kuidharau mitishamba. Metformini, kidonge ambacho wagonjwa wengi wa kisukari huanzishiwa, kina asili yake katika mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Kemikali iliyopatikana katika mmea huo ilijaribiwa kwa wagonjwa katika miaka ya 1920, ikashusha sukari, lakini ilikuwa na sumu mno. Metformini, iliyo ya jamii hiyo lakini salama zaidi, ilitengenezwa Dublin mwaka 1922, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Paris alitangaza matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa. Mmea wenyewe hadi leo huua kondoo wanaoula kwa wingi.

Kuhusu karela, mapitio ya shirika la Cochrane ya mwaka 2012 yalikusanya majaribio 4 yenye washiriki 479, yakahitimisha kuwa hakuna ushahidi wa kutosha wa kuipendekeza kama tiba. Hiyo haina maana kwamba haifanyi kitu. Anayeinywa huku akitumia insulini, au vidonge vinavyolisukuma kongosho kutoa insulini, anaweza kushukiwa na sukari kupita kiasi, akatoka jasho, akatetemeka na hata kuzirai.

Majina yaliyofanana

Brussels ina sababu yake ya kuogopa mzizi usiojulikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake waliokuwa wakipunguza unene katika kliniki moja ya mji huo walipewa vidonge vyenye mitishamba ya Kichina. Mmea uliokusudiwa ulikuwa Stephania tetrandra, uitwao fang ji kwa Kichina. Ulioingia katika vidonge ulikuwa Aristolochia fangchi, guang fang ji, wenye sumu inayoharibu figo.

Mwaka 1993, mabingwa wa figo wakiongozwa na Jean-Louis Vanherweghem wa Chuo Kikuu Huria cha Brussels walieleza mkasa huo katika jarida la Lancet. Baadaye waathirika walipita 100, na wengi walihitaji kusafishwa damu au kupandikizwa figo. Mwaka 2000 ilibainika kuwa kati ya wagonjwa 39 walioondolewa figo na mirija ya mkojo, 18 walikuwa na saratani.

Wanawake hao hawakuwa wagonjwa wa kisukari. Lakini kisukari chenyewe hushambulia figo, na metformini hutoka mwilini kupitia figo hizo hizo. Mwenye kisukari anayekunywa mzizi asioujua anahatarisha kiungo ambacho tayari kimelemewa, na figo haziumi mpaka zimeharibika sana.

Ubelgiji ina amri ya kifalme inayotaja mimea isiyoruhusiwa katika vyakula na virutubisho, Aristolochia imo. Aidha, tangu Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu majani mabichi yote yanayoingizwa na wasafiri. Sheria hizo huyafikia maduka na viwanja vya ndege. Ni vigumu kuufikia unga uliofungwa katika karatasi na shangazi wa Bukavu.

Hapo ndipo ukimya unapozaa madhara. Mgonjwa hamwambii daktari kwa kuogopa kuchekwa, na daktari haulizi. Kisha kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi kama 3 kinasomwa kana kwamba vidonge peke yake vimefanya kazi, au vimeshindwa. Kulitaja jina hakutoshi, kwani mululuza halimwambii kitu daktari wa Ixelles. Mgonjwa na aende na jani lenyewe, likiwa zima na si unga, aeleze anakunywa kiasi gani na tangu lini, na asiache vidonge kabla figo na sukari havijapimwa.