Kichujio Kilichowaacha Washindi Wawili wa Nobel

Kila matokeo ya mitihani yakitoka, nasikia ubishi uleule kuhusu shule za vipaji maalum: ziongezwe, zifutwe, au ziachwe zilivyo. Mimi nina swali linalotangulia hilo: huyo mwenye kipaji tunamjuaje? Twendeni Marekani kidogo.

Mwaka 1921, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford alianza kuwasaka watoto wenye akili nyingi California. Aliwaomba walimu wawataje wanafunzi wao wakali, kisha akawapima. Alipata zaidi ya 1,500, akawafuatilia hadi alipofariki mwaka 1956, wengine akiwaandikia barua za kuwaombea nafasi chuoni. Wengi walifanikiwa. Lakini Nobel? Hakuna aliyepata.

Sasa sikia kituko. Wavulana wawili walipimwa wakaonekana hawafiki: William Shockley na Luis Alvarez. Shockley akapata Nobel ya fizikia mwaka 1956 kwa kazi ya transista, Alvarez akapata yake mwaka 1968. Kipimo kile kiliegemea mno maneno, na wao kipaji chao kilikuwa kwingine.

Mwaka 1971 profesa mwingine, Julian Stanley wa Johns Hopkins, alikuja na njia tofauti. Miaka miwili nyuma alimsaidia kijana wa miaka 13 kuingia chuo kikuu, maana hisabati ya shule ilikuwa imemwishia. Stanley aliona kwamba mtihani wa darasani ni dari fupi: wanaopata 100 wote wanaonekana sawa. Kwa hiyo mwaka 1972 aliwapa watoto wapatao 450 wa Baltimore mtihani wa hisabati wa kuingilia chuo kikuu. Waliong'ara akawatafutia masomo ya kasi yao. Kazi hiyo ikazaa kituo mwaka 1979, na miongoni mwa waliopita huko ni Mark Zuckerberg na Lady Gaga.

Tofauti yao ni hii: Terman alitaka kujua nani ana akili, Stanley aliuliza mtoto huyu sasa afundishwe nini. Lakini hata Stanley aliwapata wale tu waliofika kwenye chumba cha mtihani.

Na sisi je? Mtihani mmoja wa darasa la saba ndio unaoamua nani aende Ilboru, Kibaha au Mzumbe. Jamani, tumewaacha nje akina Shockley wangapi?