Kikombe, Koo na Mkia: Historia ya Kipulizio cha Tuba

Tuba ni ala ya kupuliza yenye sauti nzito kuliko ala zote za shaba, na kipulizio chake ni kile kikombe kidogo chenye mkia ambacho mpigaji hukibana midomoni upande mmoja na kukichomeka kwenye ala upande wa pili. Bila kipulizio tuba ni bomba tu, kwa maana mlio huanza pale midomo inapotetema ndani ya ukingo wa kikombe, kisha hewa iliyomo ndani ya bomba huupokea mtetemo huo na kuupa kimo na nguvu. Wengi wanaoeleza namna ya kuchagua kipulizio hulifanya jambo hilo kuwa la midomo na meno ya mpigaji, na midomo kweli ina haki yake. Lakini historia ya ala hii inaonyesha kwamba swali linalotangulia ni tuba ipi, kwa sababu jina hilo moja limebeba ala nyingi zilizozaliwa katika karakana mbalimbali, kwa ajili ya masikio yaliyopenda sauti mbalimbali.

Ili historia hiyo ieleweke, sehemu za kipulizio hazina budi kutajwa. Ukingo ni ile duara inayogusa midomo. Kikombe ni uwazi ulio ndani ya ukingo. Koo ni tundu jembamba lililo chini ya kikombe, ambalo kwa tuba huwa na upana wa milimita 8 hivi. Mfereji wa nyuma ni njia inayopanuka taratibu kutoka kooni. Na mkia ni sehemu ya nje iliyochongoka inayoingia kwenye ala. Kipenyo cha ndani cha kikombe huwa kwa kawaida kati ya milimita 30 na 34, takribani mara mbili ya kile cha tarumbeta. Kinachobadili sauti zaidi, hata hivyo, ni umbo. Kikombe cha umbo la bakuli, ambacho kuta zake huviringa na kukutana na koo kwa kona kali, huipa sauti mwanzo ulio wazi na makali kidogo, ilhali kikombe cha umbo la faneli, kinachoteremka hadi kooni bila kona, huitoa sauti nene na laini. Kina nacho kina hukumu yake, kwani kikizidi, sauti za chini hunona lakini za juu hulegea na kushuka chini ya kimo chake.

Kabla ya tuba, besi ya ala za namna hii Ulaya ilikuwa serpenti, bomba la mti lililopindwapindwa kama nyoka na kuvikwa ngozi, ambalo mapokeo ya Ufaransa yanamtaja Edmé Guillaume, kasisi wa Auxerre, kuwa mwanzilishi wake mnamo 1590. Kipulizio cha serpenti kilikerezwa kwa pembe ya ndovu au pembe ya mnyama mwingine, kikiwa na kikombe cha nusu tufe, na kilichomekwa kwenye kijibomba cha shaba kilichotokeza mbele ya ala. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anayeijua siwa ya Lamu na ya Pate ataona tofauti mara moja: siwa hupulizwa ubavuni, kupitia tundu lililochongwa katika mwili wa ala yenyewe, hivyo mpigaji wake hana cha kuchagua, ila huikuta siwa kama alivyoiacha fundi. Kipulizio kinachochomoka ndicho kilicholeta uchaguzi, na pamoja na uchaguzi kikaleta uwezekano wa kukosea. Baada ya serpenti ikaja ofikleidi, ala ya shaba yenye vifuniko vya kubonyeza, iliyobuniwa Paris mnamo 1817 na fundi aliyejulikana kwa jina la Halary. Hiyo ndiyo iliyoshika besi katika okestra nyingi kwa muda mrefu wa karne ya 19.

Tuba yenyewe ina tarehe ya kuzaliwa, jambo ambalo ala chache zinaweza kujivunia. Tarehe 12 Septemba 1835, serikali ya Prussia iliwapa hataza, yaani haki ya uvumbuzi, Wilhelm Wieprecht, aliyeongoza bendi za jeshi mjini Berlin, na Johann Gottfried Moritz, fundi wa ala wa jumba la kifalme. Ala yao ililingana na noti ya F na ilikuwa na vali 5, vali zikiwa ni vile vizibo vinavyofungua njia za ziada na kurefusha bomba kila vinapobonyezwa. Bomba lake lilikuwa jembamba kuliko la tuba za leo, na Wieprecht aliitaka kwa ajili ya uwanja wa gwaride, ambako besi inapaswa kusikika juu ya ngoma na hatua za askari. Haingekuwa haki, basi, kuipima ala hiyo kwa kikombe kirefu cha leo, kilichokusudiwa bomba pana na ukumbi uliofungwa. Hector Berlioz alipozuru Berlin mnamo 1843 aliisikia katika bendi hizo, akavutiwa nayo, na baadaye akaipa nafasi za ofikleidi katika kazi zake.

Kuanzia hapo njia zikaachana. Huko Bohemia, Václav František Červený alitengeneza tuba kubwa zaidi, iliyoshuka chini ya ile ya Berlin, na mafundi waliofuata Ulaya ya Kati wakaendelea kulipanua bomba, hadi tuba ya B bapa ikafikia urefu wa takribani mita 5.5 kama ingenyooshwa. Ufaransa ilielekea upande mwingine kabisa. Wapigaji wa Paris walishika tuba ndogo ya C yenye vali 6, ambayo mwili wake ulikaribia ule wa yufonia, ndugu mdogo wa tuba, na kwa vali hizo nyingi waliweza kuimba juu kama tromboni na bado wakashuka chini kabisa. Maurice Ravel alipoipangia okestra, mwaka 1922, kazi ya Mussorgsky iitwayo Picha Kwenye Maonyesho, aliweka katika kipande cha mkokoteni wa ng'ombe wimbo wa tuba peke yake uliopanda juu mno, kwa sababu tuba aliyoizoea sikioni ilikuwa hiyo ndogo. Mpigaji wa leo mwenye tuba kubwa ya C au B bapa akiujaribu wimbo huo kwa kikombe chake cha kila siku, midomo huchoka kabla ng'ombe hawajafika; ndiyo maana okestra nyingi huleta ala ndogo kwa ajili ya kipande hicho tu, na ala ndogo hudai kipulizio chake chenyewe. Ukurasa huo mmoja wa muziki unafundisha juu ya kulinganisha kipulizio na ala kuliko jedwali lolote la vipimo.

Marekani ndiko kipulizio cha tuba kilikopata jina la mtu. August Helleberg, mzaliwa wa Denmark aliyepiga katika bendi ya John Philip Sousa na katika okestra za New York, alikipa jina lake kikombe kirefu cha umbo la faneli chenye ukingo mwembamba, ambacho kampuni ya Conn ya Elkhart, Indiana, ilikitengeneza na kukieneza. Umbo hilo halikutokea hewani. Tuba za Marekani zilikuwa zimekuwa pana, na susafoni, ile tuba ya kuvaliwa begani iliyotengenezwa kwa matakwa ya Sousa, ilizidisha kiu ya sauti nene iliyoenea juu ya bendi yote badala ya kutoboa mbele. Bomba pana lilikitaka kikombe kirefu, nacho kikombe kirefu kikalistahili bomba pana. Helleberg yupo bado madukani, pamoja na nakala zisizohesabika za watengenezaji wengine.

Vincent Bach alileta kitu kingine, nacho ni mpangilio. Alizaliwa mwaka 1890 huko Baden, karibu na Vienna, akasomea uhandisi, akawa mpiga tarumbeta, akahamia Marekani mwaka 1914, na mnamo 1918 akaanza kukereza vipulizio mjini New York. Kwake kila umbo lilipata namba na herufi: namba ikipanda, kipenyo cha kikombe hupungua, herufi A huashiria kikombe kirefu zaidi, na W ukingo mpana. Hivyo kipulizio kiitwacho 24AW, ambacho wanafunzi wengi wa Marekani walikikuta ndani ya sanduku la tuba ya shule, ni kikombe chembamba kiasi, kirefu, chenye ukingo mpana wa kupumzishia midomo. Utaratibu huo ulikuwa msaada mkubwa, kwa kuwa mpigaji aliyevunjikiwa au kuibiwa aliweza kuagiza kingine kinachofanana. Hata hivyo namba hizo zinaeleza kikombe na ukingo, na hazisemi neno juu ya tuba itakayokipokea, na ukimya huo umewagharimu wapigaji wengi fedha na miaka.

Ushahidi wa kimya hicho uko mkiani. Karakana za Ulaya na za Marekani hazikukubaliana juu ya unene wa mkia, kwa hiyo hadi leo vipulizio huuzwa kwa mkia wa Ulaya, ulio mnene, au wa Marekani, ulio mwembamba, na baadhi ya ala za zamani za Uingereza hudai mwembamba zaidi ya huo. Tofauti ni ndogo kwa macho, lakini kwa kuwa mkia umechongoka taratibu sana, upungufu kidogo wa unene huuzamisha kwa kina kikubwa. Mkia mwembamba katika tundu pana huingia hadi ndani na kucheza. Mkia mnene katika tundu jembamba husimama nje, ukiacha pengo kati ya ncha yake na mwanzo wa bomba, na hapo hata kipulizio bora kitatoa noti zinazoyumba. Wapo wapigaji ambao huzungushia mkia ukanda wa karatasi ili ukae sawasawa, na dawa hiyo ya mkono mtupu mara nyingine huponya tuba iliyokwisha kulaumiwa kuwa mbovu.

Kipimo kingine hakihitaji chombo chochote. Mpigaji akikipiga kiganjani kipulizio kwa upande wa ukingo, husikia mlio mfupi wa kupasuka, na kimo cha mlio huo hutegemea ujazo wa kikombe pamoja na upana wa koo na mfereji. Wataalamu wa sauti wameonyesha kwamba kimo hicho ndicho kinachosaidia kuamua jinsi noti za juu zitakavyopangika. Vipulizio viwili vyenye vipenyo sawa vinaweza kupasuka kwa milio tofauti, na tuba moja ikakikubali hiki na kukikataa kile.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20, Arnold Jacobs, aliyeshika tuba ya okestra ya Chicago tangu 1944 hadi 1988, aliwafanya wanafunzi wake wapulize kipulizio peke yake, kimechomolewa kwenye ala, ili wimbo uanzie midomoni na pumzini kabla bomba halijapewa nafasi ya kuusaidia. Katika miaka hiyohiyo mpigaji wa okestra alizidi kutakiwa kumiliki zaidi ya tuba moja, kubwa ya C au B bapa kwa ajili ya umati wa shaba, na ndogo ya F au E bapa kwa nyimbo za juu na kazi kama konseto ya tuba ya Ralph Vaughan Williams, iliyopigwa kwa mara ya kwanza London mwaka 1954. Mafundi walijibu kwa kukikata kipulizio vipande viwili vinavyofungana kwa hesi: ukingo mmoja, ambao midomo imeuzoea, hufunguliwa kutoka kwenye kikombe kirefu cha tuba kubwa na kufungwa juu ya kikombe kifupi cha tuba ndogo, kila kikombe kikiwa na mkia uliokerezwa kwa tundu la ala yake.