Ridhaa na Ajira: Nafasi ya Mpiga Besi katika Historia ya Muziki Wetu wa Dansi

Katika habari za muziki wa dansi wa Tanzania, majina yanayotajwa kwanza ni ya waimbaji na watunzi. Hufuata wapiga gitaa la solo, kisha wapuliza saksafoni na tarumbeta. Mpiga gitaa la besi hutajwa mwisho, na mara nyingi hatajwi kabisa. Hata hivyo, tukitaka kujua ni kwa njia gani kupiga muziki kuligeuka kutoka burudani ya jioni baada ya kazi na kuwa ndiyo kazi yenyewe, hakuna afaaye kutuongoza kuliko huyu. Mwimbaji aweza kuimba peke yake barazani, na mwenye gitaa kavu aweza kukaa chini ya mwembe akawapendeza wapita njia. Besi ya umeme haipigwi hivyo. Inataka wenzake, inataka umeme, inataka vikuza sauti vizito, na inataka mtu wa kugharimia yote hayo. Kwa hiyo anayeuliza habari za besi hana budi kuuliza swali jingine: vyombo ni vya nani?

Tunakusudia kuonyesha katika makala haya kwamba, katika nchi yetu, tofauti baina ya mpiga muziki wa ridhaa na mpiga muziki wa kulipwa haikutokana na ustadi wala mapenzi. Ilitokana na milki ya vyombo na masharti ya kazi. Ni jambo linalowahusu walimu na wanafunzi wa leo, kwa sababu kijana anayejifunza muziki bado anaulizwa na wazazi wake kama hiyo ni kazi au ni mchezo.

Mafundi wa zamani na malipo yao

Si kweli kwamba malipo ya wapiga muziki yaliletwa na wageni. Katika ngoma zetu nyingi fundi alitunzwa: alipewa chakula, pombe, kuku, nguo au fedha. Lakini fundi huyo hakuishi kwa ngoma peke yake. Tutazame manju wa Usukumani. Vyama vya ngoma vya Wagika na Wagalu vilishindana baada ya mavuno, wakati ghala zina nafaka na watu wana nafasi. Manju aliheshimiwa na hata kuogopwa kwa ufundi wake, na watu walitoka mbali kuja kumsikiliza. Mvua iliponyesha alirudi shambani kama wenzake. Katika maisha ya namna hiyo mtu hakulazimika kuchagua kati ya ridhaa na ajira. Msimu wenyewe uligawa kazi.

Mjini mambo yalikuwa mengine. Karani, mpishi, fundi cherehani na kuli wa bandarini hawakufuata msimu wa mvua bali saa ya mwajiri. Nafasi yao ya kupumzika ilikuwa jioni na mwisho wa juma, na hapo ndipo dansi lilipostawi.

Klabu za wanachama

Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz mwaka 1944. Zilifuata nyingine nyingi, kama Cuban Marimba ya Salum Abdallah kule Morogoro, Kiko Kids ya Tabora, Atomic Jazz ya Tanga, na katika mji wa Dar es Salaam Kilwa Jazz, Western Jazz, Rufiji Jazz na Ulanga Jazz. Neno “jazz” katika majina hayo halikuwa na maana ya muziki wa Wamarekani weusi unaoitwa hivyo. Lilikuwa jina la bendi ya kisasa ya dansi. Majina yaliyotangulia neno hilo ndiyo yenye habari zaidi. Kilwa, Rufiji, Ulanga na nchi za magharibi ni mahali walikotoka waanzilishi. Klabu ilikuwa mahali ambapo watu waliohamia mjini walikutana, wakafahamiana na kusaidiana.

Klabu kama hizo zilikuwa na viongozi wao na wanachama waliochanga. Kwa michango hiyo na viingilio vya mlangoni, vyombo vilinunuliwa. Mpiga muziki alikuwa mwanachama kwanza, na mpigaji baadaye. Mchana alikuwa ofisini, gereji au sokoni. Jumamosi usiku alikuwa jukwaani. Alichopata mlangoni kilikuwa nyongeza tu juu ya riziki yake.

Utaratibu huo ulikuwa na uzuri wake. Bendi ilikuwa mali ya watu wake, wala hakuna aliyeweza kuivunja kwa kuwafukuza kazi. Lakini ulikuwa na mipaka pia. Mtu aliyechoka kwa kazi ya mchana hakuwa na muda wa kutosha wa mazoezi. Na mwanachama aliyehamishiwa wilaya nyingine na mwajiri wake aliacha pengo ambalo halikuzibika upesi.

Besi ya umeme na gharama zake

Kabla ya besi ya umeme kuenea duniani, sauti ya chini katika bendi za dansi ilitolewa aghalabu na besi kubwa ya mbao, yenye kimo cha mtu na zaidi. Mwaka 1951 fundi Mmarekani, Leo Fender, alianza kuuza gitaa la besi la umeme lililoshikwa na kupigwa kama magitaa mengine. Lina nyuzi nne nene, na sauti zake ziko chini ya zile za nyuzi nne nene za gitaa la kawaida kwa oktava moja. Katika miaka ya 1960 magitaa ya umeme yalienea katika bendi zetu, na besi ikawa miongoni mwa nguzo zake.

Kazi ya besi katika dansi si kupendeza masikio peke yake. Besi hushikana na dramu na tumba, ikawaonyesha wachezaji mahali pa kuweka mguu. Nyimbo nyingi za dansi huanza kwa mwendo wa pole, ambapo mwimbaji hutoa maneno na mafunzo yake. Kisha hufika sehemu ya mwendo mkali, ambapo magitaa hujibizana na watu hujaa ukumbini. Katika sehemu ya kwanza mpiga besi huwa mpole, akiacha nafasi kwa maneno. Katika sehemu ya pili hurudia kipande kifupi kile kile kwa dakika nyingi bila kuyumba. Akikosea solo, wasikilizaji wachache ndio watakaojua. Akikosea besi, ukumbi mzima hujikwaa.

Uimara wa namna hiyo haupatikani kwa mazoezi ya Jumamosi moja moja. Hutaka mazoezi ya pamoja, siku baada ya siku, kwa vyombo vile vile vitakavyotumika jukwaani. Na vyombo hivyo viligharimu fedha ambazo kwa kawaida mwanachama mmoja hakuwa nazo. Hapo ndipo klabu za ridhaa zilipoanza kuelemewa.

Mshahara wa kila mwezi

Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Chama kilinunua vyombo, na wapiga muziki wakawa waajiriwa wenye mshahara. Hatua hiyo ilibadili mambo kabisa. Kwa mara ya kwanza idadi kubwa ya vijana waliona kwamba mtu aweza kuandika “mpiga muziki” mahali palipoulizwa kazi yake.

Msingi wa fikra ulikuwa umekwisha kuwekwa. Desemba 1962, alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, Mwalimu Julius Nyerere aliwaeleza wananchi kwamba utamaduni ndio roho ya taifa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 vyombo vingine vya umma vilifuata nyayo za NUTA. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Vijana Jazz mwaka 1971. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Na Polisi, Jeshi la Wananchi na Jeshi la Kujenga Taifa walikuwa na bendi zao. Mwaka 1974 liliundwa Baraza la Muziki la Taifa, BAMUTA.

Faida zake zilionekana wazi. Mpiga besi wa shirika alifanya mazoezi mchana, siku za kazi, kama fundi mwingine yeyote. Mvua ikinyesha na watu wasije ukumbini, mshahara wake haukutegemea mlango. Ufasaha wa bendi za Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na 1980, ambao mpaka leo unasifiwa, ulijengwa juu ya saa hizo za mazoezi zilizolipwa.

Lakini ajira hiyo haikumpa mpigaji kila kitu. Vyombo vilikuwa vya shirika. Aliyeacha kazi aliondoka mikono mitupu, na gitaa likabaki. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika, kupata vyombo vipya kulikuwa kugumu mno, na mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Ndiyo sababu tunaona mahamisho mengi. Mwaka 1978 kundi la wapigaji, wakiwemo Muhidin Maalim Gurumo na Abel Baltazar, lilikwenda kuanzisha Mlimani Park Orchestra chini ya shirika la usafiri na teksi. Mwaka 1983 bendi hiyo ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima aliwavuta Gurumo, Baltazar na wenzao kadhaa kwenye Orchestra Safari Sound. Wapenzi wa muziki walilalamika kwamba bendi zinabomolewa. Sisi tunaona jambo jingine pia: fundi anayegombewa na waajiri wawili ni fundi ambaye kazi yake imekwisha kutambuliwa kuwa kazi.

Kazi isiyo na kiinua mgongo

Palikuwa na upungufu mmoja mkubwa zaidi. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam na kusikika nchi nzima, na nyingine zilitolewa katika sahani za santuri zilizotengenezwa Nairobi. Mtunzi alipata kidogo, na mpiga besi, ambaye jina lake halikuandikwa, hakuwa na la kudai. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1966 ilikuwapo, lakini haki za wapigaji zilikuja kuwekwa bayana zaidi katika Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, wakati wengi wa kizazi cha kwanza walikuwa wamezeeka au wamefariki.

Mfano wa Gurumo unatosha. Alikuwamo NUTA Jazz tangu mwaka 1964, na alistaafu muziki mwaka 2013. Mwaka huo huo mwimbaji kijana, Diamond Platnumz, alimzawadia gari, kwa kuwa mzee huyo hakuwa na gari lake mwenyewe. Alifariki Aprili 2014. Zawadi ile ilikuwa ya heshima, na aliyeitoa anastahili sifa. Lakini malipo ya uzeeni hayapasi kutegemea ukarimu wa mtu mmoja. Na ikiwa hali ilikuwa hivyo kwa mwimbaji ambaye jina lake lilijulikana kila wilaya, msomaji na akisie hali ya yule aliyesimama nyuma yake na nyuzi nne.

Besi ya leo

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 mashirika ya umma yalipungukiwa na uwezo, na mengi yakaziachia bendi zake au kuzivunja. NUTA Jazz, iliyokuwa imeitwa JUWATA na kisha OTTU kadiri chama kilivyobadili jina, hatimaye ikajitegemea kwa jina la Msondo Ngoma. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulistawi muziki wa Bongo Fleva, ambao aghalabu hutengenezwa studio kwa kompyuta. Humo sauti ya besi ipo, tena nzito kuliko zamani, lakini mara nyingi hakuna mtu anayeipiga kwa vidole.

Je, mpiga besi amekwisha? Hapana. Amerudi kule alikoanzia. Katika kwaya nyingi za makanisani, vyombo ni vya usharika, vimenunuliwa kwa michango, na kijana anayepiga besi Jumapili ni mwalimu, dereva au mwanafunzi siku nyingine. Ni utaratibu wa klabu za zamani umeibuka tena. Kule Zanzibar utaratibu wa wanachama haukukatika: chama cha taarab cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kimedumu kwa zaidi ya karne moja.

Historia hii inatufunza mambo mawili. La kwanza, ridhaa si daraja la chini. Klabu za wanachama ndizo zilizolea wapigaji waliokuja kuajiriwa, na zisingekuwapo, mashirika yasingekuwa na wa kuwaajiri. La pili, mapenzi ya mpigaji kwa chombo chake yasiwe kisingizio cha kumnyima haki yake. Mwalimu huipenda kazi yake na hulipwa. Daktari huipenda yake na hulipwa. Anayetoza kiingilio mlangoni amekwisha kukiri kwamba ndani kuna watu walio kazini.

Tunapendekeza basi kazi moja kwa shule. Takriban kila mji wetu ulikuwa na bendi, na baadhi ya wapigaji wake wangali hai. Wanafunzi waende kwao kwa adabu, wawaulize nani alikuwa mwenye vyombo, walilipwaje, na mchana walifanya kazi gani. Kisha waulize swali ambalo santuri na kanda hazilijibu: nani alipiga besi? Waandike jina hilo kwa ukamilifu, pamoja na jina la bendi na mwaka, na daftari lihifadhiwe katika maktaba ya shule.