Kazi ya Kusimama: Kutoka Daftari hadi Kishikwambi

Kiswahili huvitenga kipakatalishi na kishikwambi kwa majina yao. Kipakatalishi ni tarakilishi ya kupakata, kama mama anavyompakata mwanawe. Anayekitumia sharti awe na mapaja, yaani awe amekaa. Katika kishikwambi sikio husikia kushika, na mwenye kukishika aweza kuwa amesimama shambani au mlangoni pa mtu. Ukitaka kujua kwa nini kazi nyingi za safari nchini Kenya zimehamia kwenye kishikwambi, anzia hapo, kisha panda nami hadi Njoro, kwenye mashamba ya ngano.

Njoro iko magharibi ya Nakuru, kwenye mteremko wa Mau, zaidi ya mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Reli ya Uganda ilipolivuka Bonde la Ufa na kufika Kisumu mwaka 1901, nchi hii ya Wamaasai na Waogiek ilikuwa karibu kugawiwa walowezi. Muda mfupi baadaye Lord Delamere alipewa huku ekari 100,000. Mifugo ilimfia, akageukia ngano, nayo ngano ikaliwa na kutu. Ndipo akamlipa mtaalamu wa kuzalisha mbegu zitakazostahimili ugonjwa huo.

Kazi ya mtaalamu huyo haikuwa ya mezani. Ilikuwa kupita mstari kwa mstari, kuinama, kutazama shina, kukadiria kutu imetapakaa kiasi gani, na kuandika. Mwaka 1927 kituo cha kuzalisha mbegu kikaanzishwa Njoro. Mwaka 1939 Lord Egerton wa Tatton akaanzisha jirani shule ya kilimo, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Egerton. Kwa miongo mingi chombo cha safari za kazi hizo kilikuwa daftari na penseli. Daftari halikuhitaji umeme, lakini liliogopa mvua, na kila tarakimu iliandikwa mara mbili: shambani, kisha ofisini. Makosa yalizaliwa katika hatua hiyo ya pili.

Serikali nayo ilitembea na karatasi. Katika sensa, kila karani alibeba fomu zake mlango hadi mlango. Sensa ya mwisho ya fomu ilifanyika Agosti 2009. Matokeo yake, watu 38,610,097, yalitangazwa tarehe 31 Agosti 2010. Taifa lilisubiri mwaka mzima kujua idadi yake.

Kipakatalishi kilipewa nafasi yake kwanza. Mwishoni mwa 2012 Tume ya Uchaguzi ilisambaza mashine za kuandikisha wapiga kura, BVR, zipatazo 15,000, kila moja ikiwa na kipakatalishi, kamera na kifaa cha kusoma alama za vidole. Kwa siku 30 ziliandikisha wapiga kura zaidi ya milioni 14. Kazi hiyo ilifaa kipakatalishi: karani ameketi, wananchi wanamjia. Lakini siku ya kura, Machi 2013, vifaa vya kuwatambua wapiga kura vilipopelekwa kwenye madarasa yasiyo na soketi, betri nyingi ziliisha kabla ya foleni. Makarani wakarudia daftari la karatasi.

Mwaka huohuo serikali mpya iliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikaishia mahakamani, na vifaa vilipofika shuleni mwaka 2016 watoto walipata vishikwambi. Vipakatalishi vikabaki kwa walimu. Uchaguzi wa 2017 ukafuata njia hiyo: mtambo wa kuwatambua wapiga kura, KIEMS, ulikuwa kishikwambi chenye kisoma vidole.

Kisha ikaja sensa ya usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, ya kwanza nchini isiyo ya karatasi. Vishikwambi vilitoka kwa vyuo vikuu viwili vya humu nchini, Moi na Jomo Kenyatta. Karani alisimama uani, akauliza, akagusa kioo, jibu likasafiri. Tarehe 4 Novemba, miezi miwili na siku chache tu baadaye, jumla ilitangazwa: watu 47,564,296, kati yao 2,162,202 wa Kaunti ya Nakuru. Ugomvi haukwisha, kwani hesabu ya kaunti za kaskazini mashariki ilipingwa hadi mahakamani. Kifaa huharakisha jibu. Hakimfanyi mtu aliamini.

Njoro yenyewe ilikuwa imerudi kwenye vita vyake vya zamani. Kutu mpya ya shina, Ug99, iligunduliwa Uganda mwaka 1998, na tangu 2005 maelfu ya aina za ngano kutoka nchi nyingi hupandwa Njoro kila mwaka ili zipimwe. Wazalishaji mbegu wa ulimwengu walikwisha kuchoka kunakili madaftari. Katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas ikatengenezwa Field Book, programu ya kuandikia vipimo vya mimea kwenye kishikwambi papo hapo shambani. Ile hatua ya pili, ya kunakili ofisini, ikaondoka. Kutembea mstari kwa mstari na kuinama hakujafutwa na programu yoyote. Jicho la mkaguzi bado ndilo linalopima shina.

Basi, msomaji, unapofunga mkoba wa safari ya kazi, usiulize kifaa kipi ni cha kisasa. Uliza utafanya kazi umekaa au umesimama. Kama ni ripoti ndefu na majedwali, beba kipakatalishi na utafute meza. Kama ni kwenda kwa watu na mashamba, kishikwambi na betri ya akiba vinatosha. Na chini ya mkoba tia daftari na penseli: mwaka 2013 karatasi ndiyo iliyoisogeza foleni.