Dawa ya sukari iliyomezwa ili kukonda

Mwaka 1976 kampuni ya Servier ilianza kuuza Mediator nchini Ufaransa. Ilikuwa dawa ya wagonjwa wa sukari wenye uzito mkubwa. Kwa kuwa ilikata hamu ya kula, hata wasio na sukari waliandikiwa ili wakonde. Watu wapatao milioni 5 waliitumia. Kumbe iliharibu vali, yaani milango ya moyo; wataalamu wanakadiria kwamba mamia walikufa. Daktari Irène Frachon wa Brest alipaza sauti, na mwaka 2009 ikaondolewa sokoni. Mwaka 2021 mahakama ya Paris iliihukumu Servier kwa udanganyifu na kuua bila kukusudia. Ndugu, iwe kambini au mjini, usimeze dawa ya mwenzako ili upendeze. Uliza muganga kwanza.