Kumbukumbu za mahakama za kaunti (Marekani)

Kumbukumbu za mahakama za kaunti ni majalada ya kesi za jinai na za madai ambayo nchini Marekani hutunzwa na karani wa mahakama, ofisa ambaye katika majimbo mengi huchaguliwa kwa kura. Haki ya umma ya kuyakagua na kuyanakili, ambayo hata hivyo ina mipaka yake, ilitambuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1978 katika shauri la Nixon dhidi ya Warner Communications. Kwa kuwa kaunti ni zaidi ya 3,000 na hakuna masjala moja inayozijumuisha zote, mtafutaji hana budi kujua kwanza kesi ilisikilizwa wapi. Ndipo jina la mshtakiwa au namba ya kesi humfikisha kwenye rejista ya mwenendo, yaani orodha ya kila hati iliyowasilishwa na kila amri iliyotolewa hadi hukumu. Rekodi ya kukamatwa, inayokaa kwa sherifu au polisi, ni kitu kingine kabisa, na kuichukulia kuwa uthibitisho wa hatia ni kosa linalofanywa mno. Majalada ya watoto kwa kawaida hayaonyeshwi, wala yale yaliyofungwa kwa amri ya jaji, ilhali kesi za shirikisho hutafutwa katika mfumo wa PACER.